Sungura Haandikwi

Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Huku tu wazima. Baba anakula kidogo na kulalamika sana, kwa hiyo naye ni mzima. Cherehani yangu ilikatika mkanda, nimeufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Inashona, ila inakoroma kama mtu mwenye mafua. Wewe hujasema kifua chako kimefikia wapi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako nimeichoka. Nikikuuliza jambo unacheka, kisha unasema mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao.

Siku ya marathoni ya mji wenu tulikwenda wote kwenye karakana ya fundi wa kuchomelea, maana yeye ndiye mwenye televisheni kubwa. Nilivaa gauni ninalovaa kwenye harusi za watu. Baba tulimbeba na kiti chake. Fundi alizima mashine, akasema leo hachomelei hata lango la ikulu.

Mbio zilipoanza tu, huyo hapo, mwanangu! Si wa tatu, si wa pili. Mbele kabisa. Unakumbuka baba ndiye aliyempa jina la Chelewa, kwa kuchelewa shule kila asubuhi mpaka akajua mbio. Basi siku hiyo mzee alikuwa anapiga kiti kwa kiganja: "Chelewa wangu! Chelewa wangu!" Wanawake walipiga vigelegele mpaka watu wa mtaa wa pili wakaja kuuliza nani kaolewa. Muda wote huo mtangazaji alikuwa anawataja wa nyuma tu, mwanangu hamtaji. Nikasema ni wivu.

Kisha pale penye bango la kilomita ya thelathini nikamwona anatazama pembeni. Akapunguza mwendo. Akatoka barabarani kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni. Kizuizi kikafunguliwa, akapita, kikafungwa. Hawakumwonyesha tena. Wale wa nyuma wakaendelea kana kwamba hapakuwahi kuwa na mtu mbele yao.

Fundi akasema, "Gari limeishiwa mafuta." Watu wakacheka. Sijui nilifikaje nyumbani.

Sasa niambie bila kunizungusha. Anaumwa nini? Ni moyo? Alilishwa kitu? Na kwa nini simu yake inaita haipokelewi?

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda, kwa hiyo nadai kujibiwa.


Tarehe 25 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilikaa ofisini kwa nyapara chini ya kikombe chake, imenifikia ina duara la chai. Nashukuru kusikia baba bado analalamika. Kifua changu mchana kinaniachia, nikilala kinanidai. Chumbani tulikuwa sita kwenye nafasi ya wanne. Sasa tuko saba, na wa saba ni mwanao. Haumwi. Yuko hapa kwangu, analala kati ya kitanda changu na ukuta, na simu yake anaiona ikiita.

Kazi yangu unaijua nusu. Niliwahi kukuambia niko kampuni ya barabara. Kweli, lakini sisi hatujengi barabara, tunazifunga. Tunapanga vile vyuma vya kuzuia watu siku za sherehe, maandamano na mbio. Mwaka mzima tunavinyoosha vilivyopinda na kuvipaka rangi, na kazi kubwa kuliko zote ni marathoni. Ule mkono wenye glavu uliouona ukifungua kizuizi cha kilomita ya thelathini ni mkono wangu. Nilipangwa pale nimfungulie yeye. Ilikuwa imepangwa hivyo tangu zamani, dada. Chelewa ni sungura.

Ngoja nikueleze kama nilivyoelezwa. Stoo yetu ina mzee anayetunza vifaa, tunamwita Makumbusho kwa sababu hatupi kitu. Ana mabango ya mbio za kila mwaka, na kila bango lina hadithi yake. Anasema mwanzo kabisa yalikuwa mabishano tu kati ya watu wa kiwanda cha sabuni na watu wa reli, nani wana miguu. Wakazunguka bwawa la maji la mji. Mhesabu mizunguko akapotea hesabu, wakakimbia mzunguko mzima wa bure bila kujua. Mshindi alikuwa fundi bomba, akapewa saa ya ukutani na katoni la sabuni. Mwaka wa pili watu walijaa, wengi wao kwa ajili ya sabuni.

Wanawake walikatazwa. Kuna nesi alitoka zamu, akavua koti lake la kazi, akaingia nao barabarani na kumaliza. Wakakataa kumwandika. Akarudi mwaka uliofuata, na uliofuata tena, mpaka karani akachoka kukataa kuliko yeye alivyochoka kukimbia.

Baadaye ikaja benki. Mbio zikatolewa bwawani zikapelekwa kwenye barabara pana zenye miti. Benki haikutaka tena kujua nani wa kwanza, ilitaka rekodi ivunjwe, mji utajwe duniani. Hapo ndipo walipoletwa sungura. Sungura ni mkimbiaji anayelipwa akae mbele, ashike mwendo aliopangiwa, awakingie wakubwa upepo, kisha wakishapashwa moto atoke awaachie njia. Hashindwi. Kutoka ndiyo kazi aliyoajiriwa. Wakala aliyemleta mwanao alimpa mkataba wa hiyo kazi, na yeye kwa aibu hakukuambia. Alidhani televisheni hazitaonyesha.

Pale uwanjani kuna ukuta wenye majina ya washindi wote kuanzia yule fundi bomba. Nilimuuliza Makumbusho, sungura wameandikwa upande gani? Akanitazama kama nimeuliza kivuli kinauzwa wapi. "Sungura haandikwi. Hata kwenye matokeo ya siku hiyo hayumo. Ukimtafuta, hakukimbia."

Sasa na mimi nina neno. Chelewa amenionyesha ujumbe uliomtumia baada ya mbio. ULIMWAMBIA ASIRUDI MPAKA AMALIZE. Anausoma kila anapotoa simu mfukoni. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya wiki ile ile. Alikwenda mpaka kituo cha mabasi ya uwanja wa ndege, akakaa juu ya begi lake, akarudi kwangu. Mwandikie neno moja la kulifuta lile. Moja tu, dada, atapanda ndege.

Ni mimi, mwenye glavu.


Tarehe 19 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua hicho kinataka maji ya moto na kuacha kulala karibu na rangi. Baba goti limevimba, tunamkanda. Sare za shule nimezimaliza, isipokuwa wazazi wanataka watoto wavae leo walipe mtoto akihitimu.

Nimeisoma habari ya sungura. Nilijaribu kuwaeleza watu wa karakana, maana wao ndio walioanza kucheka. Nikasema, alilipwa atoke. Fundi akaweka nyundo chini. "Mama Chelewa, yaani mtu anaweza kulipwa asimalize kazi? Mbona mimi sijaipata hiyo?"

Mke wake akamjibu, "Wewe humalizi na hulipwi."

Wakacheka, nikacheka nao. Kisha mwingine akauliza, "Kama yeye ni sungura, fisi ni nani?" Hapo sikucheka. Nilifikiri moyoni, fisi ni sisi tuliovaa nguo za harusi.

Sikiliza. Watu wa huku hawaelewi mambo ya kukinga upepo. Wanaelewa kilichoandikwa. Wewe mwenyewe umesema siku hiyo kuna matokeo, na humo kila anayemaliza huandikwa jina. Basi mwakani aingie kwa jina lake, kama watu wengine, akimbie mpaka mwisho. Hata awe wa mia tano. Nitaomba nionyeshwe hapo palipoandikwa, nitaweka kidole. Halafu arudi kama mtoto wa watu.

Kuhusu hayo mengine uliyoandika mwishoni, taa yangu ni hafifu, nimesoma nilichoweza.

Dada yako.


Tarehe 11 Septemba

Dada,

Shikamoo, na shikamoo ya pili mpelekee baba na goti lake. Nimechelewa kujibu kwa sababu kulikuwa na mkutano wa wakubwa mjini na tulifunga barabara karibu zote, kisha tukazifungua, kisha wakasema tumezifunga vibaya.

Taa yako lazima ni mbovu sana, maana pale uliposhindwa kusoma ndipo nilipoandika kwa herufi kubwa.

Nimeulizia hilo la kuingia kwa jina lake. Haiwezekani. Mkataba wake na wakala bado una mwaka mmoja, na unasema atakuwa sungura tu. Akijiandikisha pembeni anafutwa. Wakala alikuja mpaka geti la stoo, kavaa viatu vyeupe, hataki kukanyaga mafuta ya kwenye sakafu yetu. Nikamwambia, "Bwana, huyu ni mpwa wangu, mama yake anataka amalize mara moja tu." Akasema, "Mama yake ndiye anayemlipa?" Akaondoka akitembea kwa vidole.

Chelewa sasa anafanya kazi nasi. Alfajiri anakimbia, mchana ananyoosha vyuma. Wenzetu wanamtania, "Sungura, shika hapa, usitoke kabla ya thelathini!" Anacheka nao. Mwanao ana meno mazuri na moyo uliokwisha. Na kuna jambo jingine silifichi. Kisigino chake cha kushoto kinamuuma. Akiamka anatembea akishika ukuta kama mlevi mpaka mshipa upate moto. Nikamwambia apumzike, akasema, "Mjomba, mimi nikipumzika nakuwa nani?"

Nitakuambia kitu kuhusu mbio hizi ili ujue unachokitamani. Zamani njia yake ilipita mtaani kwetu huku, kwenye mabweni ya vibarua. Makumbusho anasema watu walikuwa wanatoa ndoo za maji madirishani na kuwamwagia wakimbiaji vichwani, na kulikuwa na mwashi mmoja alikimbia na mwiko wake mkononi kwa sababu ya dau. Benki ilipokuja ikapiga picha kutoka angani. Kamba za nguo zetu zikaonekana. Mwaka uliofuata njia ikapindishwa ikapita ng'ambo ya reli. Siku ya mbio sisi ndio tunaofunga barabara ya kuja kwetu, tusije kuonekana. Nimeiweka mikono yangu mwenyewe kwenye vyuma hivyo.

Hayo ndiyo mashindano unayotaka yamwandike mwanao. Achana nayo. Lifute neno lako, aje nyumbani na kisigino chake kikiwa bado kimeshikana na mguu.

Mdogo wako.


Tarehe 4 Desemba

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mvua imepasua ukuta wa jikoni, umezibwa. Baba kila jioni anauliza Chelewa amefika wapi, tunamwambia yuko njiani, anasema, "Ndiyo kawaida yake," analala.

Kisigino hupona. Baba yake marehemu alikanyaga msumari akashinda shambani.

Nimeshawaambia watu mwakani atamaliza. Nilikuwa nimekasirika, nikasema mbele ya wote, na fundi ameapa kununua televisheni kubwa zaidi. Neno likitoka ni kitambaa kilichokatwa, hakirudi kuwa jora. Wewe huko karibu naye, mtie moyo badala ya kunisomesha mimi.

Dada yako.


Tarehe 30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua ya Desemba sikuijibu kwa sababu ya hasira. Leo hasira imeisha, imebaki kazi ya kukueleza.

Wakala alimpanga tena kuwa sungura, mpaka kilomita ya thelathini kama mwaka jana. Mimi nyapara alinipanga pale pale. Asubuhi Chelewa alifunga kisigino kwa bandeji, akavaa soksi juu yake ili watu wa mbio wasione. Hakuniambia anachokusudia. Alisema tu, "Mjomba, leo kuna upepo," akatoka.

Walipokuja nilisikia pikipiki kwanza. Kisha wao. Sungura walikuwa watatu, Chelewa katikati, na nyuma yao wale wakubwa wamejipanga kama vifaranga. Nikafungua kizuizi. Wawili wakatoka, wakainama wameshika magoti. Yeye akanikaribia, nikaona uso wake, hakuwa anapunguza.

"Toka!" nikamwambia. "Chelewa, toka!"

"Mjomba, funga."

Akapita.

Nikabaki nimeshika chuma. Mwamuzi wa pikipiki alimpigia kelele, mwingine akamnyooshea bendera. Wale wakubwa wakamzunguka wakaenda zao. Nyapara akaja anakimbia na tumbo lake, "Kwa nini hukumzuia?" Nikasema, "Nimzuie vipi, ni mtu yule."

Kazi yetu ikiisha kwenye kituo tunapanda lori la kukusanya vyuma. Linakwenda polepole nyuma ya mkimbiaji wa mwisho. Nyuma yetu kuna gari la kufagia vikombe, na nyuma ya hilo magari ya watu wenye haraka zao, wanapiga honi. Tulimkuta Chelewa baada ya daraja la reli. Mshipa wa kisigino ulikuwa umekatika. Ananiambia ulitoa sauti kama kamba ya mzigo ikikatika. Alikuwa anaruka kwa mguu mmoja, anashika vyuma, anaruka tena, na tukichukua vyuma anabaki bila cha kushika.

Nyapara akasema, "Mpakieni." Chelewa akakataa. Nyapara akamtazama kifuani. "Huyu hana namba ya mshiriki. Asiye na namba si mkimbiaji, ni mpita njia. Apite pembeni kama wapita njia wengine, magari yaje."

Nikashuka. Nyapara akasema ukishuka siku yako imekwenda, nikasema na iende. Nikampa Chelewa bega. Tulipita kando ya barabara, kwenye maduka, watu wakirudi makwao na bendera zao za karatasi. Mama mmoja muuza maji akatupatia chupa bure, akadhani tumegongwa na gari. Njia nzima hakulia ila alikuwa anahema kama mtoto aliyemaliza kulia.

Tulipofika, lile tao la kumalizia walikuwa wamelitoa upepo, limelala barabarani kama godoro. Saa kubwa imezimwa. Mstari tu ndio uliokuwepo, kwa sababu umepakwa rangi na hauwezi kukunjwa. Akaniuliza, "Ni huu?" Nikasema ni huu. Akaondoa mkono begani kwangu, akauvuka peke yake. Makumbusho alikuwa anakunja mikeka inayosoma namba za watu. Akampigia makofi mawili, akaona haya, akaendelea kukunja.

Kwa hiyo amemaliza. Mashahidi ni mimi na mzee wa stoo. Wakala amemletea pasipoti yake na kumwambia asimjue tena. Daktari wa zahanati amesema atatembea, ila kwa kuchechemea, na kukimbia asahau. Nimeandika sentensi hiyo polepole ili taa yako isipate tabu.

Ulichokitaka umekipata. Sasa mwite nyumbani.

Mdogo wako.


Tarehe 27 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Tunaendelea. Baba amekuwa mwepesi, namwinua kwa mkono mmoja.

Tulimwona akikupita. Karakana nzima ilisimama! Fundi alimkumbatia mkewe mbele za watu, na mke akamwambia, "Niache, tunatazama." Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Kisha kamera ikawafuata wale wawili wa mbele, basi. Mshindi akafika, akafunikwa shuka, wakaimba wimbo wao. Matangazo yakaja. Fundi akasubiri kidogo kwa heshima yangu, kisha akaweka mpira. Niliendelea kukaa. Nilidhani watarudi kumwonyesha.

Barua yako ilipofika nikawaambia amemaliza. Wakauliza, wa ngapi? Mtoto wa mwalimu akatazama kwenye simu yake, majina yote yamo, maelfu, mpaka wa mwisho kabisa. La mwanangu halimo. Hawakucheka safari hii. Walinionea huruma, na ni afadhali wangecheka.

Arudi. Nakuambia arudi. Lakini aje na kitu. Nasikia wanaomaliza hupewa cheti. Apate hicho, hata kiwe kimeandikwa mwisho wa wote, nikionyeshe mara moja tu nikifunge sandukuni. Aje na cheti.

Wiki hii sijashona. Nguo za watu zimelala mezani.

Dada yako.


Tarehe 20 Juni

Dada,

Shikamoo. Nakusikitikia kwa habari za baba, mwambie mwanawe anamkumbuka.

Nilimpa Chelewa barua yako aisome mwenyewe, maana ni mtu mzima. Aliisoma ameketi juu ya kopo la rangi. Makumbusho alikuwepo, akatusikia tukibishana, akaingia ndani kabisa ya stoo yake. Akarudi amefuta vumbi kwenye bahasha. Vyeti vya mbio, vilivyobaki mwaka huu, vina muhuri na sahihi tayari. Nafasi ya jina tupu, nafasi ya muda tupu.

"Chukua kimoja," akamwambia. "Ulivuka, nilikuona. Andika jina lako, andika muda wowote, nenda kwa mama yako."

Chelewa akakishika kwa ncha za vidole. Akakitazama sana. Kisha akamrudishia.

Nikapandwa na hasira. "Wewe mtoto! Umekimbia au hukukimbia?"

"Nimekimbia."

"Umemaliza au hukumaliza?"

"Nimemaliza, Mjomba, kwa mguu huu. Halafu niende nikiwaonyesha kitu kilichookotwa stoo? Wakikigundua, na ile niliyomaliza kweli itakuwa uongo. Sina nyingine. Siwezi kuirudia."

"Basi nenda mikono mitupu. Mama kasema urudi."

Akachukua barua yako, akaweka kidole. "Mama kasema nirudi, lakini nije na cheti. Hajasema nije tu."

Nilisoma tena pale alipoweka kidole. Nikatafuta kwenye ukurasa wote, mbele na nyuma, palipoandikwa arudi bila lakini, sikupaona.

Hatakuja, dada. Nyapara amempa kazi ya kukaa, anapaka vyuma rangi, maana kusimama muda mrefu hawezi. Jana wenzetu walimwita Sungura, akawaambia wamwite vingine, hawajapata jina bado, kwa hiyo hawamwiti. Cheti nimekichukua mimi, kipo kitupu. Sijui nimekichukua kwa nini. Makumbusho anasema katika miaka yote ya mbio hizi hajawahi kuona mtu akikataa karatasi.

Sikulaumu tena. Kulaumu kunataka nguvu.

Mdogo wako.


Tarehe 2 Agosti

Mdogo wangu,

Huku kumetulia. Cherehani nimeipatia mkanda wa kweli. Baba bado yupo, anauliza lile swali lake, tunamjibu lile jibu letu.

Nitumie hicho cheti. Kikiwa hivyo hivyo kitupu, usikiandike kitu, na Chelewa asijue. Jina nitaliandika mimi, siyo hilo la Chelewa, ni lile nililompa mwenyewe siku niliyomzaa, ambalo hakuna anayelitumia. Muda nitauacha wazi. Sitakwenda nacho karakana. Nitamshikisha baba kabla mikono yake haijashindwa kushika, kisha nitakiweka ninapoweka vitu vyangu.

Mpe chakula cha kutosha. Mguu usikae kwenye sakafu ya baridi. Na umwambie Chelewa kwamba mama yake

Basi, acha. Mwambie babu yake anamsalimu.

Dada yako.